Namba Mia na Kumi na Nne

Nilimtumikia Digory Carveth miaka kumi na tatu baharini, na mingi katika hiyo sikumwona akila chochote Jumapili asubuhi. Siku nyingine alikula kama sisi wote: biskuti ngumu unazozigonga mezani mpaka wadudu watoke, nyama ya chumvi, uji wa njegere. Jumapili alikunywa maji tu, akavaa koti lake la buluu, akapanda sitahani kusubiri majina yaitwe. Mabaharia wapya walidhani ni mcha Mungu. Mimi nilijua sababu, kwa kuwa siku jambo lile lilipotokea usukani ulikuwa mikononi mwangu.

Baba yake alikuwa kasisi maskini wa upande wetu wa Cornwall. Digory aliingia manowari za mfalme akiwa na miaka kumi na miwili, akafaulu mtihani wa uluteni akiwa na ishirini, halafu akakwama. Miaka kumi na mmoja, luteni. Vijana aliowafundisha yeye kupima jua wakampita wakawa makapteni, maana huyu ana mjomba bungeni, yule shangazi yake kaolewa na lodi. Carveth hakuwa na mtu. Sijawahi kuona baharia bora kuliko yeye, na kila mara alisifiwa, basi.

"Sifa hazishonwi kwenye koti, Uren," aliniambia siku moja, nami nikacheka, kumbe mwenzangu hatanii.

Oktoba ya mwaka ule tulikuwa kwenye manowari Thessaly, mizinga thelathini na miwili, nje ya pwani ya Ufaransa. Kapteni wetu alikuwa amelala chini kwa jongo, hawezi hata kuvaa kiatu, kwa hiyo meli ilikuwa mikononi mwa Carveth. Alfajiri tuliona tanga. Ilikuwa meli ya Kifaransa iliyokuwa imewaibia wafanyabiashara wetu kiangazi kizima, na hakuna aliyewahi kuisogelea. Sisi tuliisogelea. Kufikia saa sita mchana nilikuwa naona watu wamesimama nyuma, kwenye tezi yake, mmoja kavaa kofia nyekundu.

Carveth akaamuru tanga moja zaidi lifunguliwe juu. Waliopanda walikuwa sita, na wa mbele yao alikuwa Pascoe Tregear wa kijiji cha Polgrean, mtu wa kupanda mlingoti kama anapanda ngazi za kwao. Alikuwa ameoa miezi mitatu kabla hatujaondoka. Namba yake kwenye orodha ya meli ilikuwa mia na kumi na nne. Mpaka leo sijui nini kilimtokea kule juu, kamba ilikatika au mguu uliteleza, nilichosikia ni sauti ya kitu kikigonga maji, halafu watu wakapiga ukelele: "Mtu baharini!"

Akaibuka. Pascoe alijua kuogelea, jambo la nadra kwetu, kwani mabaharia wengi husema kuogelea ni kurefusha kufa. Mikono yangu ilikuwa imeanza kuzungusha usukani kabla sijaambiwa.

"Shikilia hapo hapo, Uren," akasema Carveth.

"Bwana, ni Pascoe."

"Najua ni nani. Shikilia."

Alikimbilia mwenyewe kwenye tundu la kuku lililofungwa pembeni, akakata kamba kwa kisu chake, akalisukuma baharini na kuku wakiwa ndani. Hicho ndicho alichofanya. Kugeuza meli, kushusha mashua na kuipandisha tena kungetuchukua nusu saa, na kwa nusu saa Mfaransa angekuwa amekwenda. Bahari haikuwa tulivu, lakini haikuwa mbaya. Nimeshusha mashua katika bahari mara mbili ya ile.

Nilitazama nyuma mara moja. Pascoe alikuwa amelifikia tundu, amelikumbatia kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameuinua. Hakuupunga. Hakupiga kelele. Aliuinua tu, kama mtu anayekuambia nipo hapa, wala usiwe na haraka. Aliamini tunarudi.

Meli ya Mfaransa ilisalimu amri saa tisa alasiri. Tulipogeuka kumtafuta Pascoe, jua lilikuwa limeshuka sana. Tulilipata tundu. Juu yake alikuwa amesimama kuku mmoja, kalowa, hai.

Kesho yake Carveth aliniita, akanisomea alichoandika kwenye kitabu cha safari: kwamba mawimbi yalikuwa makubwa mno, mashua isingeweza kushushwa. Akaweka kalamu chini.

"Ndivyo ilivyokuwa, Uren?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ndivyo, bwana."

Kabla ya Krismasi alikuwa kapteni wa manowari ndogo iitwayo Petrel, akaniomba niende naye kuwa msimamizi wa mashua yake. Nilikubali. Mtu wa kwetu akipanda, nawe unapanda kidogo.

Jumapili ya kwanza kwenye Petrel tulijipanga sitahani, mashati safi, nyuso zimenyolewa. Karani akaanza kuita namba na majina, kila mtu akiitikia, "Nipo, bwana!" Alipofika mia na kumi na nne, aliyeitwa alikuwa Hocking, mpiga mizinga mmoja mnene kutoka Devon. Hocking akaitikia. Carveth akainua mkono.

"Nani mwingine ameitikia?"

Watu wakatazamana. "Mimi peke yangu, bwana," akasema Hocking.

"Nimesikia wawili."

"Labda tumbo lake nalo limeitikia," mtu akanong'ona nyuma, na watu wakabana kicheko. Carveth hakumtafuta aliyesema. Uso wake ulikuwa mweupe kama tanga jipya.

Baada ya sala aliniita chumbani kwake akafunga mlango.

"Zeph," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu la kwanza. "Namba ya Tregear ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia. Akakaa kitako.

"Ameitikia. Sauti yake naijua kama ninavyoijua yako. Na hana hasira, Zeph. Hilo ndilo linaloniua. Anaitikia kama mtu anayesubiri apewe kazi."

"Ni upepo tu, bwana. Kwenye kamba upepo unasema kila kitu."

"Wewe umesikia?"

"Sijasikia."

Nilisema kweli. Sikusikia Jumapili ile wala zile zilizofuata, ingawa nilikaza masikio mpaka kichwa kikauma. Baada ya mwezi akamwamuru karani aiache namba ile wazi, asiandikwe mtu. Ikawa vibaya zaidi. Karani aliita mia na kumi na tatu, akaruka mpaka mia na kumi na tano, na katikati ya hapo, penye kimya cha kuvuta pumzi moja, nilimwona kapteni wangu akiinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mkubwa aliyeitikiwa na mtu wake.

Msinielewe vibaya. Hakuwa mwendawazimu. Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa kapteni ambaye adui alimwogopa. Alipigana mara nne akiwa na Petrel na mara zote alishinda, walimtaja magazetini, watu wenye wajomba bungeni wakaanza kumwalika mezani. Mara moja tulipokuwa Plymouth nilimsindikiza kwenye karamu, na mama mmoja mwenye manyoya kichwani akamwomba asimulie jinsi alivyoikamata ile meli ya Wafaransa. Alisimulia vizuri sana. Alipofika mahali pa kufungua tanga la mwisho, akaomba radhi, akatoka nje, nikamkuta ameshika nguzo ya ngazi anatapika.

Mwaka wa tisa baada ya Thessaly wakampa Calista, mizinga thelathini na sita, meli nzuri kuliko zote alizowahi kuamrisha. Karani wake alikuwa mtu mpya, mkavu, mwenye mwandiko wa kupendeza, na hakuna aliyemwambia habari ya namba kuachwa wazi. Jumapili ya kwanza akaita, "Mia na kumi na nne, Barnabas Sleeman!" na kijana mmoja mshona kofia wa Exeter, aliyekamatwa kwa nguvu kuletwa manowari, akaitikia kwa sauti ya huzuni, "Nipo, bwana."

Nilimtazama Carveth. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Karani akaendelea. Carveth bado anasikiliza.

"Mmoja tu," aliniambia baadaye, na machozi yalikuwa yakimlenga. "Zeph, leo ameitikia mmoja tu."

Kuanzia siku ile Sleeman akawa yai. Asipande juu. Asishike kamba zenye uzito. Bahari ikichafuka, ashuke chini. Wakampa kazi ya kulisha mbuzi wa maziwa na kumenya viazi kwa mpishi. Sleeman alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu mzima mwenye ndevu, na meli ina midomo mia mbili na arobaini.

"Bi Carveth, umeamkaje?" walimwamkia asubuhi.

"Usishike hiyo, bibie, utaumia vidole."

"Mwacheni, mwenzenu ana mimba ya mbuzi."

Siku moja akanifuata, kashika ndoo ya maganda. "Bwana Uren, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Basi kwa nini naadhibiwa? Nilichukuliwa kwetu kwa marungu ili niwe baharia. Sasa nataka kuwa baharia hawataki."

"Kaa na mbuzi wako, ndugu yangu. Kuna watu wangetoa sikio moja wapate kazi hiyo."

Ningemweleza. Lakini kumweleza kungekuwa kueleza yote, na mimi nilikuwa sehemu ya yote.

Juni ya mwaka wa pili wa Calista tulikuwa tunalinda msafara wa meli kumi na tisa za biashara zinazotoka Lisbon. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu mwembamba na mawimbi marefu. Meli mbili za Kifaransa zikatokea upande wa kaskazini. Carveth akaona papo hapo la kufanya: kujiweka kati yao na msafara, kuipiga ya kwanza kabla ya pili haijafika. Akaita watu wote kwenye matanga. Katika zile mbio hakuna aliyemwona Sleeman akiacha ndoo yake. Walimwona akiwa tayari juu, pembeni kabisa ya foromali, ule mti unaoshika tanga, anacheka.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Tazameni mbuzi anavyopanda!"

Alianguka akagonga ubavu wa meli kabla ya kugonga maji.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Carveth. Hakungoja hata kidogo. "Geuza! Simamisha meli! Uren, mashua!"

Luteni wake wa kwanza, Peverell, kijana mwenye mjomba, akamshika mkono, jambo ambalo hulifanyi kwa kapteni. "Bwana, msafara! Wafaransa watakuwa katikati yao kwa robo saa."

"Nimesema geuza."

"Bwana, ni mtu mmoja!"

"Ndiyo," akasema Carveth. "Mmoja."

Nilishuka na wapiga makasia wanane. Tulikwenda pale tulipodhani ameangukia, hakuna kitu. Ukungu ulikuwa umezidi, na tukishuka kwenye bonde la wimbi hatukuona hata Calista. Tukazunguka. Mbali tukasikia mizinga ikianza, wala si mizinga yetu. Jem Coad, mpiga kasia wa mbele, akasema, "Uren, ameshazama. Tunatafuta kofia." Nikataka kukubali.

Hapo ndipo nilipoisikia. Upande wa kushoto, karibu, sauti isiyo na wasiwasi wowote.

"Nipo, bwana!"

Nilisukuma usukani wa mashua mpaka ukagonga. Jem akaniuliza, "Tunakwenda wapi?"

"Hujasikia?"

"Nisikie nini?"

Ikaita tena, mbele kidogo, nami nikaifuata. Nywele zilinisimama mpaka shingoni, na bado niliifuata, kwa kuwa niliijua. Nilikuwa nimekula na mwenye sauti ile sahani moja miaka miwili. Mara ya tatu ilitokea chini kabisa ya gubeti, pua ya mashua, na Jem akapiga ukelele, akainama, akashika ukosi wa shati. Alikuwa Sleeman. Mkono wake ulikuwa umenasa kwenye kipande cha mbao alichotupiwa kutoka melini alipoanguka, amefumba macho, anapumua kwa shida. Daktari alipomtazama alikuta taya lake limevunjika mahali pawili. Mtu yule hakuweza kuita hata jina la mama yake.

Sleeman akapona. Wafaransa walichukua meli tatu za msafara, na ya nne ilichomwa moto. Watu saba walikufa humo. Carveth aliomba majina yao, akayaandika kwa mkono wake, akayaweka mfukoni.

Nilimwambia nilichosikia. Akaniuliza, "Alisikikaje?"

"Vilevile, bwana."

"Ndiyo," akasema. "Vilevile."

Kesi yake ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi ndani ya manowari moja kubwa pale Portsmouth, makapteni kumi na wawili wamekaa mezani na upanga wake umelala mbele yao. Peverell alisema kweli tupu, wala simlaumu. Mwenyekiti akauliza, "Uliacha meli kumi na tisa kwa ajili ya mtu mmoja, tena mlisha mbuzi?"

"Ndiyo, bwana."

"Una la kujitetea?"

"Sina. Lakini nina neno kuhusu Thessaly." Akaanza kuwaambia: bahari ilivyokuwa, alichoandika, alichoacha kuandika. Mwenyekiti akamkatiza. Habari za Thessaly haziko mbele ya mahakama hii, akasema; lile lilikuwa tendo la kusifiwa, na lilishasifiwa. Akajaribu tena, wakamnyamazisha tena. Niliketi nje ya mlango tangu asubuhi, nikisikia yote, nimetayarisha maneno yangu, na hakuna aliyeniita. Tuliporuhusiwa kuingia, upanga ulikuwa umegeuzwa, ncha inamwelekea yeye. Hivyo ndivyo wanavyokuambia una hatia.

Wakamfukuza katika utumishi. Miaka thelathini tangu aingie. Alitoka amevaa koti lake, na kufika bandarini alilivua akalitupia mkononi mwangu, akasema, "Twende Polgrean."

Loveday Tregear, mjane wa Pascoe, hakuwa ameolewa tena. Tulimkuta ghalani na wanawake wengine wanapanga samaki kwenye mapipa, chumvi imewajaa mpaka viwikoni. Alipoona sisi ni watu wa manowari akatoka nje, akasimama juani, hakujifuta mikono.

Carveth alimwambia yote, amesimama wima kama aliyeko kwenye gwaride. Bahari haikuwa mbaya. Mashua ingeweza kushushwa. Alimwona Pascoe akiinua mkono. Nilitazama mlango wa ghala, mapipa, paka.

"Waliniandikia kwamba dhoruba ilimchukua," akasema Loveday.

"Hapakuwa na dhoruba."

"Alielea muda gani?"

"Nilimwona kama robo saa. Baadaye tulikuwa mbali."

"Baada ya hiyo robo saa?"

"Sijui, bibie."

"Na aliyeshika usukani alikuwa nani?"

Carveth hakunitazama. "Mtu aliyefuata amri yangu. Kosa ni langu."

Loveday akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Kisha akasema, "Samaki wanaharibika," akarudi ndani.

Carveth alipanga chumba Falmouth, juu ya duka la mishumaa, akaishi humo miaka minne. Nilikuwa namtembelea. Siku moja nikamuuliza kama bado anamsikia.

"Hapana," akasema. "Hakuna anayeita majina tena." Akasema hivyo kama mtu aliyefiwa.

Alikufa Machi kwa kifua. Mazikoni tulikuwa watu sita, na Sleeman mmoja wao, taya lake limekaa upande, aliyetembea kutoka Exeter kwa miguu. Tulipokuwa tunatoka nikamwona Loveday amesimama nje ya ukuta wa makaburi. Sijui nani alimwambia. Nikamwendea, maana nilikuwa nimeona jinsi mtu anavyokufa na kitu kifuani.

"Mama," nikasema, "siku ile uliuliza nani alishika usukani."

"Ulikuwa wewe."

Nikavua kofia.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Bwana wako alinitazama mimi. Wewe ulitazama paka." Akajifunga shali lake vizuri, upepo ulikuwa mkali. "Paa langu linavuja upande wa bahari. Njoo Jumamosi, uje na misumari."

Nilikwenda Jumamosi. Nikaenda na iliyofuata, na baada ya paa kulikuwa na ukuta, na baada ya ukuta kisima, na kuni, na viazi vya kuchimba. Nilihamia Polgrean ili niwe karibu. Alinionyesha kazi kwa kidole, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikuwahi kukaribishwa kuketi wala kupewa kikombe cha maji, nami sikuomba. Majirani walituchukulia kama mke na mume waliogombana zamani.

Ilikuwa hivyo miaka saba. Alifariki mwaka juzi, wakati wa mavuno, na nilimchimbia kaburi mimi. Katika miaka yote hiyo hakuniita kwa jina hata siku moja.